Kiroba Kutoka Ikungi

Kila mwaka baada ya mavuno, mabasi yapitayo Ikungi kuelekea Dodoma na Dar es Salaam hubeba viroba vya mahindi na karanga ambavyo wazee huwatumia watoto wao wafanyao kazi mjini. Mama hufungua kiroba, huona punje kadhaa zenye ukungu wa kijani, huzitupa, kisha hujituliza moyo kwamba zilizobaki zitasafishwa na moto. Juu ya moto huo hatuna budi kuzungumza.

Ukungu huo, ambao wataalamu huuita Aspergillus flavus, ni kiumbe hai, na moto huuua. Lakini katika kukua kwake hutoa sumukuvu, nayo ni kemikali tu. Haina uhai, basi haiwezi kuuawa. Joto la maji yachemkayo halifiki hata nusu ya lile linaloivunja. Haina ladha wala harufu ya kumwonya mlaji. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi. Yaani, katika gunia la kilo 100, miligramu moja tu!

Lipo jambo jingine, nami huliona la kusikitisha kuliko yote. Sumu hiyo iingiapo mwilini hupelekwa kwenye ini, ambalo kazi yake mojawapo ni kuzibadili sumu ili zipate kutolewa nje. Vimeng'enya vya ini huanza kuibadili, na katika kubadilika huko huzaliwa kitu kikali zaidi, kinachong'ang'ania vinasaba ndani ya seli. Hivyo ini, kwa bidii yake lenyewe, hulinoa kisu kitakacholichoma. Sumu ikiwa nyingi kwa mara moja, seli hufa, macho huwa manjano na tumbo hujaa maji. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, makosa hujikusanya katika vinasaba hata kuzaa saratani, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Haya si mambo ya mbali. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, inayopakana na Singida, waliugua watu 68 na 20 kati yao wakafariki. Chakula kilichoshukiwa kilikuwa mahindi yao wenyewe.

Tusiwalaumu wazee. Ukame ukiyapata mahindi yanapokaribia kukomaa, ukungu huingia yakiwa bado shambani, na Singida ukame si mgeni. Mtama na uwele kwa kawaida huathirika kidogo kuliko mahindi, ingawa vijana wa mjini siku hizi huudharau ugali wake.

Kuchagua punje mbovu na kukoboa hupunguza sumu sana, bali pumba hizo asipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita hata kwenye maziwa. Lililo kubwa ni ukavu kabla ya kuhifadhi. Waandikie wazee wachukue chupa ya kioo iliyo kavu, watie punje na chumvi kavu, waitikise vizuri, kisha waiache itulie kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yarudishwe juani, juu ya turubai, wala si juu ya udongo.