Karai Moja, Midomo Mitano

Kiazi kinacholimwa Mgeta, kwenye ubavu wa magharibi wa milima ya Uluguru, hushuka kwa gari kupitia Mlali, kikaingia mjini Morogoro ndani ya gunia, kikapokewa katika Soko Kuu la Chifu Kingalu au katika Soko la Mawenzi, na kutoka huko kikatufikia sisi wa Kilakala kwa njia mbili: ama ndani ya kikapu cha mama arudiye sokoni, ama ndani ya kabati la vioo la muuza chipsi. Kwa njia ya kwanza huitwa kiazi, na watoto hukikunjia uso, kwa njia ya pili huitwa chipsi, na watoto hao hao hukililia, nasi wazazi wao, baada ya kutwa ya kazi na jua, husimama kando ya moto wa mtu mwingine tukisema: "Nifungie zege tano, na pilipili weka pembeni."

Sisemi haya kwa kumhusudu muuza chipsi, maana riziki yake ni halali na taabu yake ni dhahiri. Humenya viazi kwa ndoo, hununua mafuta na mkaa, hulipa pango la banda, kisha hukabili moto hadi watu walale. Na anayedai kwamba bei ya mtu huyu ni dhuluma aghalabu ni mtu ambaye hajapata kumenya viazi vya walaji ishirini. Kosa si lake bali ni letu, kwa kuwa chakula alichokipangia bei ya mpita njia mwenye njaa ya ghafula tumekigeuza kuwa chajio cha nyumba nzima, tena kwa mazoea, na mazoea hayapigi hodi yanapoingia mfukoni.

Na tuliweke jambo hili katika mizani. Tuseme zege moja, yaani chipsi zilizokaangwa pamoja na mayai, ni shilingi 3,000 na nyumba ina watu watano: jioni moja ni shilingi 15,000, na ikiwa desturi ni mara moja kwa wiki, mwaka utameza shilingi 780,000. Sasa tuseme chakula hicho kimepikwa nyumbani: kilo 2 za viazi kwa shilingi 3,000, mayai 10 kwa 4,000, robo lita ya mafuta yatakayoliwa au kupotea kwa 1,500, nyanya, vitunguu na ndimu za kachumbari kwa 1,000, na mkaa au gesi kwa 1,000. Jumla ni shilingi 10,500. Akiba ya jioni moja ni 4,500, na ya mwaka ni 234,000. Bei hizi ni za mfano, na msomaji atie za soko lake. Lakini hata zikipanda au zikishuka kidogo, ataona kwamba faida ipo, ila si utajiri wa ghafula kama wanavyodhani wale wanaohubiri iktisadi bila kushika kalamu. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe ndilo ada na sare za watoto.

Insafu, hata hivyo, yataka tuutazame na upande wa pili wa mizani. Karai haliulizi idadi ya walaji: liwe linampikia mmoja au watano, lataka mafuta ya kuzamisha viazi, na jiko lataka moto uliokwisha kukolea. Kijana aliyepanga chumba kimoja, akiamua kuwasha mkaa na kununua nusu lita ya mafuta ili akaange viazi viwili, atakuwa amefanya ubadhirifu akiuita uangalifu. Huyo na aende bandani, alipe, ale, alale. Gharama ya mafuta na moto ni mzigo usiopungua, na dawa yake ni kuugawanya kwa midomo mingi. Hii ndiyo siri ya muuza chipsi mwenyewe, kwa kuwa karai lake moja huwahudumia mamia, nasi twaweza kumwiga kwa kiasi cha nyumba yetu.

Na si siri hiyo tu. Mara ya kwanza nilipojitia ufundi, nilivitoa viazi majini nikavitumbukiza katika mafuta vikiwa vinachuruzika. Mafuta yakanirukia mkononi, na nilichokipakua kilikuwa kitu laini, chenye rangi ya udongo, ambacho watoto walikila kwa adabu tu. Ndipo nilipokwenda kusimama kando ya banda, safari hii kwa kutazama wala si kwa kununua, nikaona kwamba chipsi hukaangwa mara mbili: kwanza kwa moto wa wastani, zikaiva ndani zikiwa bado nyeupe, zikawekwa kabatini zipoe, kisha, mteja anapofika, hurudishwa katika mafuta makali kwa muda mfupi, zikapata rangi na ukakamavu. Kabla ya hayo, viazi vilivyokatwa hulowekwa katika maji baridi ili wanga wa juu utoke, na hukaushwa vyema kwa kitambaa safi. Kwa zege, chipsi zilizoiva huwekwa katika kikaango chenye mafuta kidogo, mayai yaliyopigwa na chumvi yakamiminwa juu, na sahani ikasaidia kuligeuza bila kulivunja.

Kuhusu mafuta, yakipoa yachujwe, yafunikwe, yawekwe mbali na mwanga, yatumike tena. Lakini yakiwa meusi, yakitoa povu au harufu nzito, yatupwe bila huruma, kwa maana akiba inayonunuliwa kwa siha ni nakisi iliyovaa nguo ya faida.

Limebaki jambo ambalo hesabu yangu ya shilingi 10,500 ililificha, nami sitaki kuweka kalamu chini bila kulitaja: sikuweka ujira wa mpishi. Katika nyumba nyingi za hapa kwetu mpishi huyo ni mama, ambaye naye amerudi kazini au shambani amechoka kama wenzake, na zile shilingi za bandani zilikuwa, kwa upande wake, kodi ndogo ya kupumzika. Baba anayesema "tupike nyumbani tuokoe fedha", kisha akaketi barazani kungoja sahani, hajaokoa chochote. Amehamisha gharama tu kutoka mfukoni mwake kwenda mgongoni mwa mkewe. Kilakala yetu inajulikana mbali kwa shule yake ya wasichana, na ni haki tujiulize kama kaka zao nyumbani wanajua hata kumenya kiazi.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: anayekula peke yake aendelee kununua bila haya; wenye midomo mitano walibandike karai lao jioni moja kwa wiki, mmoja amenye, mmoja akate, mmoja asimamie moto; na yule atakayekula bila kumenya, awe mtoto au awe baba, ndiye atakayeosha karai.