Bega la Mfanyakazi Lisipimwe kwa Kukisia

Tumfikirie mwalimu ambaye kwa miaka 20 ameinua mkono kuandika ubaoni, na leo hawezi kuufikisha juu ya kichwa. Anakwenda hospitalini, anaambiwa ainue mkono, anauinua huku akiuma meno. Mganga anatazama, pengine anaweka kipimapembe, anaandika tarakimu, na kazi imekwisha. Tarakimu hiyo yaweza kuamua kama mwalimu huyo atapewa kazi nyepesi, atastaafishwa au atalipwa fidia. Je, hiyo yatosha kuitwa haki?

Hatusemi kwamba waganga ni wazembe. Mwaka 1987 Constant na Murley walitoa kipimo cha bega chenye alama 100: maumivu alama 15, shughuli za kila siku 20, mwendo wa kiungo 40 na nguvu 25. Ni kipimo cha busara, na hadi leo kinatumika. Lakini maumivu hutegemea kauli ya mgonjwa, na mwendo hupimwa kwa dakika chache tu. Mgonjwa jasiri hujikaza akaonekana mzima. Mwoga hujilegeza akaonekana kilema. Kubeba ndoo, kuvaa shati na kuandika ubaoni hubaki nje ya mlango wa mganga. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Hapa ndipo vihisi mwendo vinapoweza kutusaidia. Ni vifaa vidogo vinavyofungwa mkononi na kifuani. Sehemu moja hupima mchapuko, nyingine hupima kasi ya kuzunguka, na kutokana na hivyo hukokotolewa jinsi mkono ulivyoinuka. Mwaka 2007 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walieleza jinsi walivyovitumia kulinganisha bega bovu na bega zima la mgonjwa yule yule, kabla na baada ya upasuaji. Vihisi vya namna hiyo vimo hata ndani ya simu nyingi za mikononi. Kwa hiyo ubora wa kipimo si lazima uwe fahari ya nchi tajiri peke yake.

Hata hivyo, tusikiabudu chombo. Makosa madogo ya kihisi hujilimbikiza kadiri muda unavyopita, na vile vinavyotegemea sumaku ya dunia huvurugwa na chuma kilicho karibu. Aidha, tangu 1944 imejulikana kwamba mkono unapoinuka, takriban theluthi moja ya mwendo hutoka kwenye kombe la bega. Mgonjwa anaweza kulipandisha kombe na kuinamisha kiwiliwili, na kihisi cha mkononi peke yake kikamhesabu kuwa amepona. Kwa sababu hiyo mganga hana budi kubaki pale pale, akisoma tarakimu na kumsikiliza mtu.

Lipo jambo zito zaidi. Kifaa kinachohesabu mienendo ya mkono kutwa nzima chaweza kumtetea mfanyakazi, na chaweza pia kumpeleleza. Mwajiri asiye mwema angependa kujua ni mara ngapi mtumishi aliinua mkono, halafu amnyime fidia kwa sababu siku moja alimbeba mwanawe. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba tarakimu za bega zinakuwa siri ya mgonjwa na mganga wake, na kwamba hazitumiki ila kwa ridhaa yake.

Basi waganga wetu wajifunze kuvitumia vifaa hivi, wahandisi wetu wavijaribu katika mazingira yetu, na vyama vya wafanyakazi vidai kanuni zilizo wazi kabla havijaenea. Mwalimu aliyelitoa bega lake kwa ajili ya watoto wetu hadai huruma. Anadai apimwe kwa haki.