Pengwini wa Afrika Hajui Barafu

Mwulize mtoto wa shule pengwini huishi wapi, naye atakujibu upesi: kwenye barafu. Hajakosea, msomaji, ila kuna pengwini mmoja ambaye ni wa bara letu hili. Huyu huzaana Afrika Kusini na Namibia tu, na akiwa nchi kavu kinachomsumbua zaidi ni jua.

Kimo chake ni sentimita 60 hivi, na uzito wake kama kilo 3. Mabawa yake hayamwinui hewani hata kidogo, ni makasia. Mifupa yake ni mizito, haina uwazi ndani kama ya kunguru, na uzito huo humsaidia kupiga mbizi. Mgongo ni mweusi, tumbo jeupe: adui aliye juu huona giza la maji, aliye chini huona mwangaza. Juu ya macho ana ngozi ya waridi isiyo na manyoya. Joto likizidi, damu nyingi hupelekwa hapo ili ipoe. Naye akilia, utadhani ni punda!

Manyoya yake yamebanana mno, na huyapaka mafuta yatokayo kwenye tezi iliyo karibu na mkia ili maji yasipenye. Ndiyo maana meli Treasure ilipozama karibu na Cape Town mnamo Juni 2000, mafuta yake yaliwachafua pengwini wapatao 19,000, na ikabidi waoshwe mmoja mmoja kwa mikono.

Kila mwaka manyoya hayo hupukutika yote kwa pamoja. Kwa wiki tatu hivi ndege huyu hawezi kuingia baharini, kwa hivyo hali kitu. Ni sharti awe amenenepa kabla ya hapo, na anaporudi majini akiwa amekonda, apate samaki bila kukawia. Taabu ni kwamba sadini na anchovi anaowategemea huvuliwa pia na meli za biashara.

Mwaka wa 2024 aliorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwani jozi zinazozaana hazikufika 10,000. Machi 2025, mahakama ya Afrika Kusini iliamuru meli hizo zisivue samaki hao karibu na makao sita ya pengwini kwa miaka 10.