Mtoto wa Biliqo si mtoro

Kila wiki ya kwanza ya Januari shule zetu za mijini hushuhudia jambo ambalo tumelizoea hata hatulioni tena. Kengele imelia, mwalimu wa Gredi ya Kwanza amekwisha kuandika tarehe ubaoni, na madawati matatu manne bado ni matupu. Wenye madawati hayo wako njiani kutoka mashambani walikokwenda kula Krismasi kwa nyanya. Nauli imepandishwa maradufu, mabasi yamejaa, na baba ameonelea heri wangoje hadi Alhamisi. Wanapowasili, mwalimu huwakaribisha kwa bashasha na kuwauliza habari za mbuzi na mahindi ya huko. Hakuna anayeitwa mtoro.

Tumtazame sasa mtoto wa umri uo huo aliyezaliwa Biliqo, upande wa Merti, katika kaunti ya Isiolo. Yeye naye hayupo darasani Januari. Jamaa yake imehama na mifugo, na haijulikani itarudi lini, maana kurudi kwake kunategemea mvua. Akitokea Machi au Aprili, jina lake katika daftari la mahudhurio limekwisha kuandamwa na safu ndefu ya alama za kukosa. Huyu ndiye tunayemwita mtoro.

Ningependa msomaji, hasa mwalimu, anivumilie nilieleze jambo hili kwa kina kidogo, kwani aghalabu linahukumiwa kabla ya kueleweka.

Waborana huugawa mwaka katika majira manne. Ganna ni mvua ndefu, kuanzia Machi hadi Mei. Adolesa ni kipindi cha baridi na ukavu kinachofuata. Hagaya ni mvua fupi za Oktoba na Novemba. Na Bona ni kiangazi kikali cha kuanzia Desemba hadi ganna ifike. Mwaka wa shule wa Kenya hufunguliwa katikati ya bona. Yaani siku ambayo mtoto wa miaka sita anatakiwa akae kitako mahali pamoja na kuanza kusoma ni siku ambayo nyasi na maji vimeadimika karibu na nyumbani kuliko wakati mwingine wowote.

Mtu anaweza kuuliza, na swali ni la haki: kwani mtoto mdogo ndiye mchungaji? La. Kwa desturi, mifugo hugawanywa makundi mawili. Wanyama wa maziwa hubaki na warra, yaani makao yenye kina mama, wazee na watoto. Wanyama wakavu hupelekwa mbali na vijana, na kambi yao huitwa fora. Kwa mpango huo mtoto wa Gredi ya Kwanza hana sababu ya kuondoka nyumbani, na katika mwaka wenye mvua za kutosha huwa haondoki. Tatizo ni mwaka ambao hagaya imekosa kunyesha. Hapo hata ng'ombe na ngamia wa maziwa hawawezi kubaki. Wakiondoka, maziwa yameondoka. Na mtoto hufuata maziwa.

Sisemi haya kwa hisia tu. Katika miaka ya 1990 watafiti Elliot Fratkin, Eric Roth na Martha Nathan waliwalinganisha watoto wa Warendille wa Marsabit, majirani wa kaskazini wa watu wa Isiolo. Waliona kwamba watoto wa jamii zilizoendelea kuhamahama na mifugo walikunywa maziwa mengi zaidi na kukua vizuri zaidi kuliko wale waliokuwa wamefanya makao ya kudumu mijini. Mama wa Biliqo hahitaji kusomewa makala hayo. Anapomchukua mwanawe kwenda naye malishoni mwezi wa Januari, anachagua kati ya kikombe cha maziwa na herufi ya kwanza, na sijui ni mzazi gani kati yetu angechagua vingine.

Mwaka 2023 ulilidhihirisha jambo hili kwa ukatili. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imefuatana ikikosa, kuanzia hagaya ya 2020 hadi ile ya 2022. Wafugaji wa kaskazini walikuwa wamepoteza mifugo kwa maelfu. Ni katika hali hiyo mwaka wa masomo ulipofunguliwa tarehe 23 Januari 2023, serikali ikifurahia kwamba kalenda imerudi mahali pake baada ya vurugu za korona.

Neno hilo, mahali pake, linastahili kuzingatiwa. Tunaizungumzia kalenda ya shule kana kwamba iliteremshwa pamoja na jua na mwezi. Ilhali sote tumeiona ikisogezwa. Shule zilifungwa Machi 2020. Wanafunzi wote walirejea tarehe 4 Januari 2021. Mwaka mpya wa masomo ukaanza tarehe 26 Julai 2021, na uliofuata ukaanza tarehe 25 Aprili 2022. Tarehe hii ya mwisho iliangukia katikati ya ganna, na yamkini ingekuwa neema kwa watoto wa Merti, laiti mvua ya mwaka ule isingekuwa miongoni mwa zile tano zilizokosa. Aidha, mafuriko yalipoikumba nchi mwaka 2024, ufunguzi wa muhula wa pili uliahirishwa mara mbili, hadi tarehe 13 Mei. Nakumbuka hakuna aliyesema wazazi ambao nyumba zao zilizama hawathamini elimu. Maji yakizidi mijini na mabondeni, kalenda husogea. Maji yakikosekana Biliqo, anayetakiwa kusogea ni mtoto.

Sisi wanaisimu tuna udhaifu wa kuyakazia macho maneno, na nauomba radhi. Neno mtoro lina historia nzito. Katika pwani yetu ya karne ya 19, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na watoro walijenga vijiji vyao wenyewe, kama Fuladoyo katika bara ya Malindi. Neno liliingia shuleni likiwa na hukumu ndani yake: kuna anayemiliki, na kuna aliyetoroka. Mtoto aliye mkononi mwa mamaye, katika kambi ya baba yake, amemtoroka nani? Wala si mara ya kwanza kwa lugha yetu kuwatendea hivyo watu wa jamii hii. Methali ya Mgala muue na haki yake mpe imewahusu Waoromo, ambao Waborana ni sehemu yao, na jina hilo Mgala wenyewe hawalipendi. Hata hivyo methali yenyewe inakiri kwamba haki ipo na ni yake.

Kuna hasara nyingine ambayo mwalimu wa lugha ataiona upesi kuliko wengine. Majuma ya mwanzo ya Gredi ya Kwanza si majuma ya kupiga gumzo. Ndipo sauti hufundishwa, moja baada ya nyingine, na kila somo hujengwa juu ya lililotangulia. Mpango wa Tusome, uliosambazwa nchini kuanzia 2015, uliwapa walimu mwongozo wa somo kwa somo. Mtoto wa Biliqo ana sauti zake. Herufi q katika jina la kijiji chake haikuwekwa kwa madoido. Ni k inayofyatuliwa huku koo likiwa limefungwa, na Kiswahili sanifu hakina sauti hiyo. Kwa upande mwingine, Kiborana kwa asili hakina p, v wala z isipokuwa katika maneno ya mkopo. Kwa hiyo neno jepesi kama pazia, ambalo mtoto wa Kisauni hulisoma bila kufikiri, linamtaka mtoto huyu ajifunze sauti mbili mpya pamoja na herufi zake. Huyu ndiye aliyehitaji majuma yale ya mwanzo kuliko wote, na huyu ndiye anayeyakosa.

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa upande huo, aliwahi kunisimulia jinsi alivyoingia darasa la kwanza mwezi wa Aprili. Wenzake walikuwa wakisoma sentensi. Yeye alikaa nyuma na kufungua midomo pamoja nao, asitoe sauti, mpaka mwalimu alipogundua baada ya muhula mzima. Alicheka aliponieleza. Mimi sikucheka.

Serikali haikukosa kufikiria. Karo iliondolewa katika wilaya kame, Isiolo ikiwemo, mwaka 1971, na kote nchini mwaka 2003. Mabweni yalijengwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliunda Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wahamaji. Sheria hiyo hiyo humtia hatiani mzazi asiyehakikisha mwanawe anahudhuria shule, lakini pia, na hili husahauliwa, humtaka mwalimu mkuu achunguze mazingira ya mwanafunzi kutohudhuria. Uchunguzi ndio unaotangulia. Ama kuhusu bweni, ni dawa ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Kumlaza mtoto wa miaka sita mbali na mamaye ili tarehe ya Nairobi isivunjwe ni kumponya jicho kwa kulitoboa sikio.

Wako watakaosema kwamba kulegeza tarehe ni kuwafungulia mlango wazazi wazembe. Sikatai kwamba wapo. Kuna wavulana wanaozuiliwa shule ili wachunge na wasichana wanaozuiliwa ili waozwe, na ukame hutumiwa kama kisingizio. Wazee wa jamii wanapaswa kulikemea jambo hilo wazi kuliko wanavyofanya sasa. Lakini mtoto wa miaka sita anayekuta darasa limefika mbali na hapewi nafasi ya kuanza, huyo pia huacha shule. Tofauti ni kwamba hatumwoni akiondoka.

Kwingineko wamejaribu. Kusini mwa Iran, kuanzia miaka ya 1950, Mohammad Bahmanbeigi, mwenyewe mzaliwa wa wafugaji wa Qashqai, alisimamia shule za mahema meupe zilizohama pamoja na watu wake, na walimu walikuwa vijana wa jamii hizo hizo. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwalimu wa duksi huko kaskazini huhama na kambi, na watoto huandika aya kwenye mbao zao chini ya mti wowote walipotua.

Ninalopendekeza ni dogo zaidi ya shule inayohama. Waborana wana dedha, baraza la wazee linaloamua malisho yapi yafunguliwe na yapi yafungwe katika majira gani. Wizara ya Elimu nayo hufungua na kufunga. Ni afisi mbili zinazotumia vitenzi vilevile juu ya watoto walewale, na sijasikia kwamba zimewahi kukaa pamoja. Mwezi wa Novemba, hagaya inapokuwa imejulikana kama imenyesha au imekosa, walimu wakuu wa Merti wanaweza kuketi na wazee hao na kukadiria ni jamaa ngapi zitakuwa nyumbani Januari. Ikiwa ni chache, basi Gredi ya Kwanza ianzishwe mara mbili: kundi la waliopo Januari, na kundi la watakaorudi na ganna, likianzia sauti ya kwanza. Mtihani wa kitaifa wa KPSEA uko Gredi ya Sita. Kuna miaka sita ya kusawazisha majuma kumi. Kwa chekechea jambo ni jepesi zaidi, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu hiyo serikali za kaunti, na ni kaunti ya Isiolo inayowaajiri walimu wake.

Kazi hiyo itahitaji mwalimu mmoja zaidi katika shule ambazo huenda hazina walimu wa kutosha hata sasa, na hapo ndipo fedha za Baraza la Wahamaji zingeonekana zimefanya kazi. Lakini daftari la mahudhurio halihitaji fedha. Mwalimu wa Biliqo anaweza kulichora upya Januari ijayo, akaongeza safu moja ya kuandika jamaa ya mtoto iko wapi na inatazamiwa lini.