Likizo ya Siku Kumi: Safari ya Kuiona Ngome ya Mombasa

Barua iliyo mbele yetu juma hili yatoka kwa mama mmoja wa hapa Bujumbura, mke wa askari, ambaye kwa heshima hatutamtaja jina. Aeleza kwamba mumewe amepewa likizo ya siku kumi mwezi wa Agosti, baada ya kazi iliyomweka mbali na nyumba yake kwa muda mrefu, na kwamba likizo mbili zilizotangulia zilikwisha bila ya watoto kumwona baba yao ila wakati wa chakula cha usiku. Ya kwanza ililiwa na ujenzi wa ukuta wa ua. Ya pili ikaliwa na wageni na matanga. Sasa kijana wao aliye mwaka wa saba amesoma darasani habari za Wareno, naye hana neno jingine kinywani ila kuuona “mji wa Wareno” ulioko Mombasa. Mama auliza: je, safari ya namna hiyo ni ya watu kama sisi, au ni ndoto ya wenye mali?

Jawabu letu ni kwamba safari hiyo yawezekana, lakini si kwa fedha ya mwezi mmoja wala kwa mpango wa juma moja. Nyumba itakayoanza leo kuweka akiba ndogo kila mwisho wa mwezi, katika chombo ambacho hata mgonjwa wa homa hafungui, yamkini itasafiri Agosti ya mwakani. Mama huyu asema ameanza tangu mwaka jana. Basi tuzungumze naye kama na mtu ambaye mizigo yake iko karibu na mlango.

Kwanza tumsahihishe kijana wetu kidogo, kwa kuwa mwandishi wa safu hii alifundishwa ualimu kabla ya kukaa kwenye meza ya ofisi, na tabia hiyo haitoki. Mombasa si mji wa Wareno. Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1331 akakuta watu, misikiti na mashamba ya migomba, na Vasco da Gama hakufika mpaka Aprili 1498. Tena hakupokewa vizuri; ilimbidi aendelee hadi Malindi, ambako alipata urafiki na rubani wa kumvusha bahari kwenda Bara Hindi. Baada ya hapo Wareno waliishambulia Mombasa na kuichoma moto mwaka 1505, wakarudia tena mwaka 1528. Walichokijenga kwa mikono ya kudumu ni ngome, nayo ndiyo itakayowapokea wageni wetu.

Sasa njia. Ipo ya hewani: ndege kutoka hapa hadi Nairobi, kisha gari la moshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, ambalo hushuka hadi Mombasa kwa muda wa saa tano au sita. Ni njia nzuri na ya haraka, ila kwa baba, mama na watoto watatu nauli ya ndege itakula akiba yote kabla hata ya kununua maji ya kunywa. Njia ya wengi ni barabara. Tangu Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda mwezi wa Januari 2024, msafiri wa basi hana budi kuelekea Kobero, aingie Tanzania, apite Kahama na Singida hadi Arusha, kisha avuke mpaka wa Holili na Taveta na kushuka kwa Voi hadi pwani. Ni takriban kilomita 1,500. Hesabuni siku mbili na nusu za kwenda na siku mbili na nusu za kurudi, mkilala njiani. Msidanganywe na yule atakayewaambia kwamba basi halisimami, watoto husimama.

Kwa hesabu hiyo siku tano za likizo zaenda njiani, siku tatu kamili zabaki Mombasa, na mbili zabaki za nyumbani kabla baba hajarudi kambini. Wako watakaosema kwamba siku tano ndani ya basi ni hasara. Sisi hatukubaliani nao. Ndani ya basi baba hana kikosi, hana jirani wa kumwita, hana ukuta wa kujenga. Ameketi kati ya watoto wake, na hakuna wa kumtoa hapo. Mtoto ambaye amekuwa akimwogopa baba yake kama mkaguzi atamwuliza jina la kila mlima kuanzia Muyinga hadi Kilimanjaro, na baba atalazimika kujibu, hata pale asipojua.

Karatasi ndizo zinazovunja safari nyingi kuliko fedha. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kwa hiyo raia wake hahitaji viza kuingia Tanzania wala Kenya. Lakini pasipoti anahitaji, na kila mtoto awe na yake. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja nayo. Na kwa nyumba za wanajeshi na polisi pana karatasi moja zaidi iliyo kubwa kuliko zote: kibali cha maandishi cha kutoka nchini. Baba asinunue tiketi kwa ahadi ya mdomo. Fedha zetu nazo zibadilishwe kwa hatua, shilingi za Tanzania mpakani Kobero, na za Kenya mpakani Taveta. Msiende nazo faranga hadi pwani mkitumaini kupata wa kuzipokea.

Agosti ni mwezi mwema. Masika ya pwani yamekwisha, upepo wa kusi unavuma, na joto lake halitamshtua aliyezoea jua la Bujumbura. Chukueni nguo nyepesi za kutosha, na kwa mama na mabinti mitandio, kwa kuwa Mji wa Kale ni mji wa Waislamu, na mgeni anayejistahi husitiri mabega. Nyumba ya wageni itafutwe karibu na Mji wa Kale, hata ikiwa kitanda ni cha kawaida na feni inapiga kelele. Hoteli za ufukweni ziko mbali, na fedha ya teksi ya siku tatu ingetosha kulisha nyumba nzima.

Siku ya kwanza iwe ya ngome, tena asubuhi mapema kabla mawe hayajashika moto. Chukueni pasipoti, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio kidogo kuliko wageni wa mbali. Ngome ya Yesu, au Fort Jesus kama iitwavyo na wengi, ilijengwa kuanzia mwaka 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, chini ya mfalme Filipo aliyetawala Hispania na Ureno kwa pamoja. Ukiitazama katika ramani utaona umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kimeelekea baharini. Kuta zake zimesimama juu ya jabali la matumbawe. Baba aliyesomea kazi yake ataona upesi kwa nini pembe zake zimechomoza: kila pembe yalinda mgongo wa mwenzake, ili adui asipate pa kujificha chini ya ukuta. Mwacheni awaeleze watoto. Ni somo ambalo mwalimu wa darasani hawezi kulitoa vile.

Kisha waketi kivulini, wasimuliwe habari za mazingira ya mwaka 1696. Tarehe 13 Machi mwaka huo majeshi ya Oman, yaliyotumwa na Imamu Saif bin Sultan, yaliizingira ngome, na hayakuondoka kwa muda wa miezi 33. Ndani walikuwamo askari wa Kireno wachache, kati ya 50 na 70 tu, pamoja na mamia ya wenyeji walioshikamana nao. Maana Waswahili wenyewe waligawanyika, Pate upande mmoja na Faza upande mwingine. Njaa ikaingia, kisha tauni. Mwezi wa Agosti 1697 kapteni wa ngome alikufa, na ulinzi ukabaki kwa Bwana Daud wa Faza, akiwa na watu 17 wa jamaa yake, wanaume wengine Waafrika 8, na wanawake 50. Hao ndio waliozishika kuta zile mpaka msaada ulipofika kwa merikebu katikati ya Septemba.

Wanawake 50! Vitabu vingi vya shule huwapita kwa mstari mmoja, au huwapita kimya, na majina yao hatunayo. Twamwomba mama aliyetuandikia awasimulie binti zake habari hiyo wakiwa juu ya ukuta wenyewe. Hatusemi kwamba upande waliopigania ulikuwa wa haki, kwa maana Mreno aliyekuwa akiwatawala hakuwa rafiki wa pwani. Lakini zamu waliilinda, na hakuna mlinzi ambaye hajui uzito wa zamu isiyo na mwisho. Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698, ikiwa na watu wasiozidi hesabu ya vidole. Merikebu za msaada kutoka Goa zilifika siku chache baadaye, zikaona bendera nyingine juu ya ukuta, zikageuka.

Ndani ya jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 1960, pana vitu viwili tusingependa vipitwe. Cha kwanza ni vyombo vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchunguzwa na wazamiaji katika miaka ya 1970. Cha pili ni michoro ya ukutani ambayo Wareno walioishi mle waliichora kwa makaa na rangi nyekundu: merikebu, makanisa, watu. Ni kazi ya watu waliokuwa mbali na kwao, na siku zilikuwa ndefu. Baba aliyewahi kukaa Somalia miezi na miezi, katika miaka ile kuanzia 2007 ambayo vikosi vyetu vilikuwa huko, huenda akasimama hapo kimya kidogo. Watoto wasimharakishe.

Kijana wetu atauliza kwa nini mahabusu huitwa gereza. Aambiwe kwamba neno hilo latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Waingereza nao waliifanya ngome hiyo kuwa jela kutoka mwaka 1895 hadi 1958, kwa hiyo jina lilipata nyumba yake. Meza, leso, bendera na karata ni maneno ya asili hiyo hiyo. Hata muhogo tunaousonga ugali hapa kwetu ulitoka Amerika na kuingia Afrika kwa merikebu za Wareno. Basi mtoto anayelalamika kwamba hapendi ugali wa muhogo ajue alipeleke shauri lake Lisbon.

Siku ya pili ni ya kutembea kwa miguu katika Mji wa Kale: milango ya kuchonga, vibaraza, Msikiti wa Mandhry ambao huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570, na bandari ya majahazi. Asubuhi mle mahamri na mbaazi, jioni viazi karai na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na wakubwa wanywe kahawa chungu kwa vikombe vidogo. Chakula cha namna hii ni cha bei nafuu, tena ni kizuri kuliko cha mikahawa yenye vitambaa vya meza. Siku ya tatu waachieni watoto bahari. Kivuko cha Likoni hakimtozi nauli anayevuka kwa miguu. Ulizeni wenyeji saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kuvua viatu, maana Tanganyika haikuwafundisha watoto wetu jambo hilo.

Kwa nyumba ambayo akiba yake haijatosha mwaka huu, ianze na Mugere, kusini ya mji wetu, kwenye jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliolala hapo mwezi wa Novemba 1871. Ni mwendo wa asubuhi moja na sufuria ya wali. Itaonyesha pia ni mtoto yupi hutapika ndani ya gari, habari ambayo ni bora kuijua hapa kuliko Singida.

Neno la mwisho kwa mama: kabla ya kuondoka, shona katika pindo la mkoba faranga za kuwatoa stendi ya mabasi hadi nyumbani siku ya kurudi. Msiziguse Mombasa, hata mkiona kanga nzuri kiasi gani.