Mjini si Shule

Juzi hosteli tulikuwa tunaangalia video ya kijana anayetafuta njia ya kutokea stesheni ya Shinjuku, Tokyo. Milango zaidi ya 200, abiria mamilioni kwa siku. Wenzangu walimhurumia: maskini, mji wenyewe umezidi. Hakuna aliyemwita mshamba.

Shangazi yangu alipopotea Dar, wenzangu hao hao walisema, "Mjini shule."

Shangazi anakaa Korogwe, Manundu, alikoolewa. Kwetu ni Handeni. Mwaka 2022 alikuja Dar kwa kliniki ya macho, akafikia kwa ndugu Gongo la Mboto. Kurudi alitaka treni, maana basi humtapisha. Nikamkatia tikiti ya treni ya kaskazini, nikamwambia kwenye simu: "Shangazi, panda daladala, mwambie konda akushushe stesheni ya treni."

Konda akamshusha Tazara.

Hakumdanganya. Tazara ni stesheni ya treni, tena kubwa. Ila reli yake inakwenda Mbeya na kuvuka mpaka hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860. Ungekaa humo mwezi mzima usingeiona Korogwe. Treni yake ilikuwa inaondokea stesheni ya zamani ya mjini, jirani na bandari. Mlinzi alipomwambia, "Mama, hapa ni ya Zambia," ilikuwa imebaki nusu saa, na foleni ya Barabara ya Nyerere mnaijua. Akanipigia kwa kitochi chake. Hakulalamika, aliuliza tu: "Mwanangu, kwani treni ziko ngapi?"

Swali la maana kuliko mengi niliyosikia darasani mwaka huo. Ziko tatu, na hakuna inayoweza kuingia kwenye reli ya mwenzake. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa na Wachina miaka ya sabini, ina 1,067, upana uleule wa treni nyingi za Japani. SGR, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, ina 1,435. Reli tatu, stesheni zake mbalimbali, na zote mtu wa Dar anaziita "stesheni" akitegemea utajua anamaanisha ipi.

Na kama ushamba ni ugeni wa treni, tuanze kuhesabu vizuri. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Ya kutoka Dar ilianza kujengwa mwaka 1905. Treni ilipiga honi Korogwe wakati Dar haijui moshi wake unafananaje. Reli hizo mbili zilikuja kuunganishwa mwaka 1963, kwa kipande cha Mnyusi hadi Ruvu. Shangazi amekua akiisikia treni usiku. Asichokijua ni majina tu, na majina hakuna aliyempa.

Mtanijibu kuuliza si ujinga. Sawa, lakini mjini kuuliza kuna bei. Mpiga debe hushika begi kwanza ndipo ajibu. Bodaboda hajibu kabisa, anasema "panda mama, napajua." Maarifa ya kufika yamewekwa midomoni mwa watu badala ya kuandikwa ukutani, na kila mwenye mdomo anayauza.

Sisi wasomi ndio walinzi wake wakubwa. Mwaka wangu wa kwanza niliibiwa nauli mara mbili, nikamwambia bodaboda natoka Chanika, akajua ni ya Dar kumbe ni Handeni mjini (hiyo niiache). Nilipozijua njia, nikaacha kuzieleza. Kuzijua bila kuambiwa ndio ushahidi pekee nilionao kwamba mimi si wa kuja tena. Ndiyo maana nilisema "stesheni ya treni" nikakata simu. Konda hakumpoteza shangazi, nilimpoteza mimi.

Tokyo nayo ina reli za upana tofauti na kampuni nyingi. Lakini tangu 2004 stesheni zake za chini ya ardhi zina herufi na namba, kwa hiyo asiyesoma Kijapani anaweza kuifuata G01 akatokea Shibuya. Wameandika kwa ajili ya mtu asiyejua lugha yao. Shangazi anasoma Kiswahili vizuri sana, hata miwani yake ni ya kusomea, na bado tikiti ya basi inamwandikia "DAR" kana kwamba Dar ni mti mmoja ambao wote tunashukia chini yake. Andikeni jina la stendi. Konda aseme "Tazara, treni ya Zambia." Ni maneno matatu zaidi, hayahitaji mkopo wa benki yoyote.

Mwezi ujao anarudi kliniki, safari hii kwa basi. Jana nilimsomea maelekezo kwa simu, mjukuu wake akaandika: usishuke Kimara, stendi si Ubungo tena, ilihamia Mbezi Luis tangu 2021, usimpe mtu begi, nitakuwa nakusubiri getini.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na hiyo Mbezi, ndiyo ile ya Mbezi Beach?"

Nikaanza upya.