Sataranji ya Dakika Tatu na Ushauri Unaotukwamisha

Anayecheza sataranji mtandaoni hakosi washauri. Akifungwa michezo mitano mfululizo, wa kwanza atamwambia aongeze idadi ya michezo, wa pili amwambie aachane kabisa na michezo ya haraka, wa tatu amtumie video ya mitego ya ufunguzi. Mengi katika ushauri huo yamerudiwa hadi yakaonekana kanuni. Nayapinga hapa kwa sababu naona vijana wenye jicho kali la mchezo wakikaa kiwango kile kile miaka na miaka, wala si kwa uvivu. Wanatekeleza kwa bidii kile walichoambiwa.

Ninazungumzia blitsi. Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, blitsi ni mchezo ambao kila mchezaji ana dakika 10 au pungufu. Mtandaoni wengi wetu hucheza dakika 3 au 5.

Dai la kwanza hutoka kwa wachezaji wa siku nyingi: kwamba blitsi ni kamari tu, haina uhusiano na sataranji yenyewe, na anayeizoea anajiharibu. Mwaka 2004 mtafiti Bruce Burns alichapisha uchambuzi uliolinganisha viwango vya wachezaji na matokeo yao katika blitsi. Alikuta kwamba hadi asilimia 81 ya tofauti za uwezo kati yao inaelezwa na jinsi wanavyocheza wakiwa na chini ya asilimia 5 ya muda wa kawaida. Kwa sehemu kubwa, basi, wanaojua kucheza polepole ndio wanaojua kucheza haraka. Historia inasema hivyo hivyo. Mwaka 1970 huko Herceg Novi, Yugoslavia, Bobby Fischer alishinda mashindano ya blitsi kwa pointi 19 kati ya 22, akimwacha Mikhail Tal nyuma kwa pointi nne na nusu, miaka miwili kabla hajatwaa ubingwa wa dunia katika michezo mirefu. Magnus Carlsen alitwaa ubingwa wa dunia wa blitsi mwaka 2009, ule mkubwa akautwaa mwaka 2013.

Wazee hao wana haki katika jambo moja. Christopher Chabris na Eliot Hearst walipolinganisha, mwaka 2003, makosa ya magwiji wale wale katika michezo mirefu na ya haraka, walikuta kwamba muda ukipungua makosa yanaongezeka na yanakuwa mazito zaidi. Hata gwiji anahitaji muda ili aone mbali. Blitsi inatoa nje yale uliyokwisha kuyajua kiasi kwamba huhitaji kuyafikiria, na inaacha wazi mapengo yako. Mchezo wenyewe hauna nafasi ya kuyaziba. Hapo ndipo dai la pili linapoangukia.

Dai la pili ndilo linalokwamisha watu wengi zaidi: cheza nyingi, utapanda tu. Neil Charness na wenzake walichapisha mwaka 2005 utafiti juu ya kinachomfanya mtu awe hodari wa sataranji. Walihesabu saa za mashindano, saa za kufundishwa, na saa ambazo mchezaji alikaa peke yake na ubao akichambua. Saa hizo za peke yake ndizo zilizotabiri uwezo kuliko nyingine zote. Magwiji walikuwa wametumia kama saa 5,000 za kujisomea katika miaka 10 ya mwanzo ya kucheza kwa dhati, karibu mara tano ya wachezaji wa kati.

Fikiria kinachotokea mtu anapocheza usiku kucha bila kutazama nyuma. Katika hatua ya 14 anamwacha farasi wake bila ulinzi, farasi analiwa, mchezo unaisha, anabonyeza kitufe cha mchezo mpya. Kosa lile halikupata jina. Kesho litarudi na sura nyingine: askofu badala ya farasi, hatua ya 19 badala ya 14. Aliyecheza hivyo michezo mia amefanya mazoezi ya kosa lake mara mia, na sasa mkono unalitenda wenyewe.

Njia ninayoiamini ni hii, na ni ya kuchosha. Chukua michezo yako 20 ya mwisho uliyofungwa. Uliyoshinda iache kwanza. Ile uliyofungwa ipitie mmoja mmoja bila injini, yaani programu ya kuchambua hatua, na kila mmoja uandikie kwenye daftari sababu moja tu ya kufungwa. Je, uliacha kete iliwe bure? Hukuona farasi akishika kete mbili kwa pamoja? Ulitoka kwenye ufunguzi ukiwa tayari umebanwa? Ulikuwa unashinda ukaishiwa muda? Ulifika mwisho wa mchezo na askari wa ziada usijue la kumfanyia? Ukimaliza, ndipo uwashe injini ikusahihishe. Ukianza nayo, itakupa jibu kabla hujajiuliza swali, nawe utatikisa kichwa kana kwamba ulijua.

Sharti la kutaja sababu moja ndilo gumu, kwa kuwa kila mtu anapenda kusema "niliishiwa muda". Tovuti ya sataranji ya Lichess inaonyesha bure kabisa grafu ya muda uliotumika kwa kila hatua. Itazame. Mara nyingi utakuta mtu alitumia sekunde 40 kwenye hatua ya 6, mahali ambapo hatua tatu tofauti zote zilikuwa nzuri, kisha akakosa sekunde 10 za kuzuia mati kwenye hatua ya 31. Tatizo la huyo ni kutojua anataka nini baada ya ufunguzi. Saa imeonyesha tu dalili. Akijilazimisha kucheza haraka zaidi ataongeza makosa, na sababu itabaki pale pale.

Wapo pia wanaodai kwamba blitsi ni kasi ya vidole. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa viwango mbalimbali ubao kwa sekunde 5, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Hodari alikumbuka kete nyingi kuliko wanaoanza pale zilipotoka katika mchezo halisi. Kete zilipotawanywa ovyo ubaoni, ubora wake ukatoweka karibu wote. Alichokuwa nacho hodari ni maumbo yenye maana: mfalme aliyejificha nyuma ya askari watatu, ngome kwenye njia iliyo wazi. Kasi ya mchezaji wa blitsi inatoka humo. Anasogeza kete haraka kwa sababu amekwisha tambua, na mtu wa vidole vyepesi asiyetambua kitu atafika haraka kwenye kufungwa. Katika michezo ya dakika 1 nakubali kwamba kipanya kizuri kina thamani. Katika dakika 3, thamani yake ni ndogo sana.

Maumbo hayo yanapatikanaje? Hapa kuna dai la mafumbo: tatua mafumbo magumu zaidi unayoweza, na alama zako za mafumbo zikipanda, blitsi itafuata. Mafumbo ni mazuri, na yale ya Lichess yametolewa katika michezo halisi ya watumiaji wake. Lakini fumbo limekwisha kukuambia jambo kubwa kuliko yote, kwamba hapa kuna kitu. Mchezoni hakuna anayekustua. Kwa blitsi, yafaa zaidi kurudia mafumbo mepesi ya hatua moja au mbili hadi yasikucheleweshe hata kidogo, kisha kwenye mchezo kujijengea tabia ya kutazama kila mara mambo matatu ya mpinzani kabla hujasogeza: anaweza kutoa cheki gani, kula nini, kutishia nini. Mwanzoni tabia hiyo itakula sekunde zako, nawe utapoteza pointi. Zipoteze kwa moyo mweupe, maana ukishaizoea inakuwa ya kufumba na kufumbua.

Kuhusu mitego ya ufunguzi nitasema kwa kifupi. Mati ya hatua nne bado inawanasa wanaoanza: malkia anakwenda h5, askofu yuko c4, wote wakielekea f7. Lakini baada ya 1.e4 e5 2.Bc4 Nc6 3.Qh5, mweusi akicheza g6 na kisha, malkia akirudi f3, farasi kwenda f6, tisho limekwisha. Mweupe amepoteza hatua mbili za malkia na amemkalia farasi wake mraba wa f3. Anayeishi kwa mitego hupanda hadi pale anapokutana na watu wanaojua jibu, na hapo hana mchezo mwingine mfukoni. Hata hivyo kuwa na ufunguzi mmoja kwa mweupe na mbili kwa mweusi, huku ukijua kwa nini kila kete inakwenda pale, kunaokoa muda mwingi. Caro-Kann dhidi ya e4 ni mfano mzuri: mweusi anaweka askari c6, anafuata na d5, na mpango wake unajulikana tangu mwanzo.

Sasa nifike kwenye ubishi ninaouona mkubwa kuliko yote, wa nguvu na udhaifu. Kuna wanaosema shughulikia udhaifu wako tu, kwa kuwa mnyororo hukatikia pete dhaifu. Wengine wanasema achana na udhaifu, kuza kipaji ulichonacho. Wote wawili wanazungumza kana kwamba udhaifu wote una uzito mmoja.

Katika daftari lile la michezo 20, ukikuta kwamba 11 ilipotea kwa kete za bure na mmoja kwa mati ya askofu na farasi, kazi yako inajulikana. Mati ya askofu na farasi ni elimu nzuri, lakini unaweza kucheza miaka usikutane nayo. Udhaifu upimwe kwa mara ngapi unatokea na unagharimu kiasi gani. Kwa kigezo hicho, mwisho wa mchezo unaonewa sana. Watu huukwepa kwa kuona michezo yao haifiki huko, kumbe hufika mara nyingi, na hufika wakati saa ina sekunde 15. Wakati huo hakuna kufikiri, kuna kujua au kutojua. Jua kwamba mfalme mweupe akiwa e6, askari wake e5 na mfalme mweusi e8, mweupe anashinda zamu iwe ya nani, na kwamba kwa askari wa pembeni, wa a au h, mfalme mweusi akiwahi pembe ni sare. Jua kupima mbio kwa jicho: askari mweupe yuko a4, hakuna kete nyingine karibu, zamu ni ya mweupe. Mfalme mweusi aliyeko e4 anamkamata; aliyeko f4 hamkamati. Kanuni hizi zinajifunzwa kwa jioni chache, na zinalipa maisha yote ya mchezaji.

Nguvu nazo zina kazi yake, nayo ni kuamua mchezo uelekee wapi. Tal alikuwa mshambuliaji wa kutisha, Tigran Petrosian alikuwa mlinzi ambaye kumpenya ni kazi. Wote walikuwa mabingwa wa dunia, na wote walikuwapo Herceg Novi mwaka ule. Hakuna aliyelazimika kuwa mwenzake. Ukiwa unaona vizuri mashambulizi, chagua ufunguzi unaofungua njia za katikati. Ukiwa mvumilivu, chagua unaokupa ukuta wa askari na muda wa kujipanga. Mpinzani mwenye dakika 3 hana muda wa kukutoa katika uwanja wako. Mafunzo yako ya wiki basi yagawanyike: sehemu kubwa kwa udhaifu unaokugharimu mara nyingi, sehemu ndogo kwa kunoa kile kinachokupa ushindi, maana kipaji kisichonolewa nacho huchakaa.

"Umri umepita" ni dai linaloniudhi. Fernand Gobet na Guillermo Campitelli walichunguza wachezaji wa Argentina na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Aliyefika kiwango cha umahiri kwa muda mfupi zaidi alitumia kama saa 3,000; aliyechukua muda mrefu zaidi alitumia zaidi ya saa 23,000. Kuanza utotoni kunasaidia, na wao wenyewe walikuta hivyo. Lakini mtu mzima anayetaka kupanda pointi 200 hashindanii umahiri. Na pointi hizo zisimchanganye: Lichess humwanzisha kila mtu kwenye 1500, Chess.com ina wachezaji wengine na hesabu nyingine, kwa hiyo namba za huku na huko hazilinganishwi moja kwa moja.

La mwisho nalisikia sana kwetu, kwamba bila kompyuta na intaneti ya kasi huwezi kufika popote. Phiona Mutesi alijifunza kwenye mbao za kawaida katika mtaa wa Katwe, Kampala, chini ya Robert Katende, na aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji ya Istanbul mwaka 2012. Daftari na ubao vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi niliyoieleza. Kwa upande wa bando, hatua ya sataranji ni herufi chache tu, hivyo mchezo mzima hula data ndogo mno ukilinganisha na video ya dakika moja. Tatizo la kweli ni mtandao wa simu unaokatika katikati ya hatua. Lichess hufidia sehemu ya ucheleweshaji huo, si wote. Anayecheza kwa simu achague dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2 kila hatua, utaratibu ambao Fischer alipata hataza ya saa yake mwaka 1989. Zile sekunde 2 zinambeba mtandao ukiyumba, na pia zinamwezesha kumaliza kwa mati mchezo alioushinda, badala ya kuupoteza kwa saa akiwa na malkia na ngome ubaoni.